Mtaro uliosogea mita 250

Mzee aliyeliona kosa hili hajawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Ni mpima ardhi mstaafu, jirani yetu hapa Tabata, na siku ile alikuja kwa jambo lingine kabisa: alitaka nimhamishie picha za mjukuu wake kutoka simu ya zamani kwenda mpya. Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikaenda jikoni kubandika chai. Niliporudi nilimkuta ameinamia kompyuta yangu, miwani imemshuka puani.

"Mwanangu," akasema, "huu mtaro mbona mmeupitisha juu ya nyumba za watu?"

Nikamweleza kuwa huo ni mtaro wa zamani, umetoka kwenye ramani za upimaji, si sisi tuliouchora.

"Najua ulikotoka. Nimeutembea kwa miguu yangu nikiwa kijana. Haupiti hapo. Mmeusogeza."

Alisema kweli. Tuliusogeza karibu mita 250, na kwa wiki tatu hakuna aliyejua. Katika wiki hizo orodha ya mitaro ya kuzibuliwa ilikuwa imeshatoka mikononi mwetu, na vijana wa kujitolea walikuwa wameshakwenda na makoleo Jumamosi moja wakakuta ukuta wa nyumba mahali ramani ilipowaambia wachimbe. Walidhani mtaro umejengewa juu. Waliandika hivyo kwenye ripoti yao. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba watu wameamka alfajiri kwa ajili ya mtaa wao, nasi tukawapeleka pasipo.

Nitaeleza ilivyotokea, maana chanzo chake ni kitu ambacho yeyote anayetengeneza programu huria kwenye Linux atakutana nacho: maktaba zisizopatana, na mtu mwenye haraka.

Programu yetu ni ndogo, tumeiandika kwa C++. Inachukua vipimo vya mitaro vilivyokusanywa kwa simu, yaani kina, upana na mahali, inavilinganisha na ramani za zamani, kisha inatuambia mtaro upi umeziba na upi umepotea. Kazi yetu kubwa iko bonde la Msimbazi, ambako masika yakichachamaa maji yanaingia hadi chumbani. Simu inatoa koodineti za WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, datamu iliyotumika Afrika Mashariki kwa miongo mingi, inayokadiria umbo la dunia kwa duaradufu ya Clarke 1880. Chukua latitudo na longitudo za Arc 1960 uzisome kana kwamba ni za WGS 84, na hapa Dar es Salaam utakuwa umekosea karibu mita 250. Lazima kwanza uzigeuze. Kazi hiyo ya kugeuza haiandikwi na kila mtu nyumbani kwake. Inaazimwa kutoka kwenye maktaba iitwayo PROJ.

PROJ ilianzishwa na Gerald Evenden miaka ya 1980, akiwa katika idara ya jiolojia ya Marekani, USGS. Toleo lake la 4 lilidumu mno, hata watu wakazoea kuiita PROJ.4 kana kwamba ile namba ni sehemu ya jina. Halafu mambo yakaanza kwenda mbio. Toleo la 5 lilitoka Machi 2018, la 6 Machi 2019, la 7 Machi 2020, la 8 Machi 2021, la 9 Machi 2022. La 6 ndilo lililopangua nyumba nzima: taarifa za mifumo ya koodineti zilitolewa kwenye mafaili ya maandishi zikawekwa katika hifadhidata moja ya SQLite, proj.db, na njia ya zamani ya kuiita maktaba, ile ya proj_api.h, ikatangazwa kuwa imepitwa na wakati. Ukitaka kuendelea kuitumia ilibidi uandike kwenye msimbo wako mstari wa kukiri kwamba unajua unachofanya: ACCEPT_USE_OF_DEPRECATED_PROJ_API_H. Mstari huo niliuandika mimi. Nilikuwa na nia ya kurudi kuurekebisha. Toleo la 8 likaiondoa proj_api.h kabisa kabla sijarudi.

Kompyuta zetu zilikuwa na Ubuntu 20.04, yenye PROJ 6.3. Usiku mmoja, kwa bando la usiku, tulizipandisha karibu zote hadi 22.04, yenye PROJ 8.2. Asubuhi programu haikuwaka. Ilisema haikuliona faili libproj.so.15.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wanaliona jina kama hilo kila siku bila kujua linachosema. Maktaba ya pamoja ni faili lenye vitendakazi vilivyokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingi zinaliazima kwa wakati mmoja badala ya kila moja kubeba nakala yake. Unapokompaili programu, yaani kuyageuza maandishi yako kuwa faili linaloendeshwa na kompyuta, jina la maktaba linachapwa ndani yake. Jina hilo, linaloitwa soname, linabeba namba, na namba hiyo siyo toleo la maktaba: PROJ 6.3 ni libproj.so.15, PROJ 8.2 ni libproj.so.22, PROJ 9.1 iliyomo kwenye Debian 12 ni libproj.so.25. Namba hiyo ni ahadi. Waandishi wa maktaba wanakuahidi kwamba maadamu ni 15, kila kitendakazi ulichokizoea kipo, kwa jina lilelile na kwa mpangilio uleule wa kumbukumbu. Wakivunja chochote katika hivyo, wanabadilisha namba ili programu ya zamani isijikwae gizani. Kwa hiyo kompyuta ilipokataa kuwasha programu yangu, ilikuwa inanilinda.

Nikampigia mwenzetu aliyeko Arusha.

"Dada, hiyo ndogo," akaniambia. "Tengeneza kiungo tu, 15 ielekee kwenye 22, maisha yaendelee."

Ni mtu mwema na amenisaidia mara nyingi, wala si yeye peke yake anayetoa ushauri huo. Ukitafuta mtandaoni utaukuta kila kona. Nikaufuata. Amri moja ya ln -s, inayolipa faili jina la pili, na programu ikawaka. Ikafungua ramani, ikasoma vipimo, halafu ilipofika mahali pa kugeuza koodineti ya kwanza ikafa, ikisema haikijui kitendakazi pj_transform. Bila shaka haikijui. Kipakizi, yaani ile sehemu ya mfumo inayozikusanya maktaba programu inapoanza, hakitafuti majina yote mwanzoni kwa programu iliyokompailiwa kama yetu. Mengi huyatafutia anwani yanapoitwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeghushi ahadi, na uongo ulingoja hadi hapo ndipo ukajitokeza. Namshukuru Mungu kwamba pj_transform iliondolewa kabisa. Ingekuwa imebaki kwa jina lilelile huku vigezo vyake vimepangwa upya, programu ingeendelea na kutupa majibu ya ajabu.

Jaribio la pili lilikuwa na akili kidogo zaidi, na ndiyo sababu lilinipotezea siku mbili badala ya dakika kumi. Nililitoa libproj.so.15 lenyewe kwenye kompyuta moja ambayo ilikuwa bado haijapandishwa, nikaliweka kwenye folda, nikaielekeza huko LD_LIBRARY_PATH, inayokiambia kipakizi pa kuanza kutafuta maktaba. Sasa programu ina maktaba iliyoizoea, nikajiambia, ugomvi umekwisha. Nikasahau kuwa programu yetu haisomi ramani yenyewe. Inaazima pia GDAL, maktaba ambayo Frank Warmerdam aliianzisha mwaka 1998 na ambayo leo karibu kila programu ya ramani inaitegemea, QGIS ikiwemo. GDAL ya Ubuntu 22.04 nayo inaazima PROJ, na ile inayoitaka ni libproj.so.22. Programu moja, mchakato mmoja, libproj mbili. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Kinachotokea ni hiki. Vitendakazi kama proj_create vimo katika maktaba zote mbili kwa jina moja. Kama majina hayakutiwa alama ya toleo, jina likiitwa kipakizi hakiulizi ni nani anayeita. Kinapita kwenye foleni ya maktaba zilizopakiwa na kumpa wa kwanza atakayejitokeza na jina hilo. Wa kwanza alikuwa 15, maana programu yangu ilimwita moja kwa moja. Basi GDAL mpya ikaita proj_create ikidhani inaongea na 22, ikajibiwa na 15. Kikarudi kitu chenye umbo la zamani, GDAL ikakishika kana kwamba ni kipya, na programu ikaanguka. Safari hii iliangukia ndani ya msimbo ambao sikuuandika wala sikuujua. Nilikaa na gdb, chombo cha kusakia makosa ya programu, usiku mzima nikiamini nimegundua kosa la GDAL.

Kilichonitoa gizani ni LD_DEBUG. Ukiandika LD_DEBUG=libs mbele ya amri yako, kipakizi kinakusomea kila faili kinalolitafuta, kilikolitafuta na kilikolipata. Ukiandika LD_DEBUG=bindings, kinakueleza kila jina limefungwa kwenye maktaba gani. Ni maandishi mengi, yapitishe kwenye grep. Nilipoona kwa macho yangu mstari unaosema proj_create ya libgdal imefungwa kwenye libproj.so.15, nilisimama nikatembea hadi dirishani. Kabla ya kubahatisha chochote ningepaswa kuanza hapo. Siku hizi naanza na readelf -d, ambayo inanionyesha programu inadai maktaba zipi, kisha ldd, kisha LD_DEBUG, na sigusi kitu hadi nijue ni faili gani hasa limepakiwa. Angalizo moja juu ya ldd: usiiendeshe juu ya programu usiyoiamini, kwa sababu inaweza kuishia kuiendesha hiyo programu yenyewe.

Zipo njia za kuwaweka fahali mbali. Unaweza kuificha maktaba ya zamani ndani ya programu yako bila kuyatoa majina yake nje. Wanaotengeneza vifurushi vya Python wana njia yao: auditwheel inakusanya maktaba za nje ndani ya kifurushi na kuongeza herufi na namba za kipekee kwenye jina la kila faili ili lisigongane na la jirani. Kuna kontena pia, ambalo linabeba kila kitu pamoja. Kwa seva nalikubali. Kwa vijana wetu wa kata wenye kompyuta mpakato za mitumba na bando la kupimia, siwezi kuwaambia washushe gigabaiti nzima kila tukirekebisha mstari mmoja.

Mwishowe nilifanya kazi niliyotakiwa kuifanya tangu 2019. Niliuandika upya msimbo wetu kwa njia mpya ya PROJ, ili sisi na GDAL tuazime maktaba moja, toleo moja, iliyoletwa na mfumo wenyewe. Mistari haikuzidi mia mbili. Nikakompaili, readelf ikaonyesha libproj.so.22 peke yake, nikaendesha. Haikuanguka. Mitaro yote ya Tabata ikatokea Hispania, magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Ureno.

Hilo lilinichukua dakika chache kulielewa. Tangu toleo la 6, PROJ inaheshimu mpangilio wa namba uliowekwa na wenye mfumo wa koodineti, na katika EPSG:4326, namba rasmi ya WGS 84, latitudo inatangulia longitudo. Dar es Salaam iko kwenye latitudo ya -6.8 na longitudo ya 39.28, zibadilishane nafasi uone utakapotua. Dawa yake ni kitendakazi kimoja, proj_normalize_for_visualization, kinachorudisha longitudo mbele. Nikakiongeza, mitaro ikarudi Tabata, nikafurahi, nikalala.

Nililala na kosa kubwa zaidi likiwa limebaki ndani. Kosa la Hispania kila mtu analiona. La mita 250 linaonekana na mtu aliyeutembea mtaro.

Katika programu ya zamani tulikuwa na mstari mmoja mrefu, ulioandikwa kwa mkono, unaoeleza mfumo wa ramani zetu: projeksheni ya UTM (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa), kanda ya 37 kusini, Clarke 1880, na mwishoni +towgs84=-160,-6,-302. Namba hizo tatu ni mita za kuihamisha Arc 1960 iikaribie WGS 84. Nilipokuwa nauandika upya msimbo niliuona mstari huo mchafu, nikaufuta, nikaiomba GDAL inipe maelezo hayohayo kutokana na namba rasmi ya mfumo, EPSG:21037. Nilikumbuka kuwa GDAL ya zamani, ya toleo la 2, ilikuwa inatoa mstari kamili, zile namba tatu zikiwemo. GDAL 3 haifanyi hivyo tena. Ilipotoka Mei 2019 ikiegemea PROJ 6, wenye maktaba zote mbili walikubaliana kuwa namba za kuhamisha datamu si sehemu ya maelezo ya mfumo. PROJ ndiyo itakayozitafuta kwenye proj.db kulingana na mahali ulipo. Ni uamuzi mzuri, nami nauunga mkono. Ila mimi nilichukua mstari uliopunguzwa nikaupa PROJ, na PROJ ikaona Clarke 1880 bila jina la datamu yoyote. Haikuwa na cha kutafuta. Ikakadiria tu, ikageuza projeksheni na kuiacha datamu ilivyo. Hakuna jina lililokosekana, hakuna faili lililogongana, kipakizi hakikuwa na la kusema. Mgongano ulikuwa umehama kutoka kwenye majina kwenda kwenye maana.

Marekebisho yalikuwa madogo: mpe PROJ neno EPSG:21037 lenyewe, usipitie kwenye mstari. Juu ya hapo nilitumia proj_create_crs_to_crs_from_pj pamoja na chaguo la ALLOW_BALLPARK=NO, linaloikataza PROJ kukadiria. Ikikosa njia ya uhakika, iseme haiwezi. Nimeiweka hivyo kwenye kila programu yetu inayogusa koodineti, na nakuomba nawe ufanye hivyo kama kazi yako inaishia kwenye mikono ya watu wenye makoleo.

Masalia ya ule ujanja wa folda yalituandama kwa muda. Mwenzetu mmoja alikuwa ameiweka PROJ_LIB, inayoionyesha PROJ ilipo proj.db, kwenye faili lake la mipangilio, .bashrc, ikielekea kwenye folda ya zamani. Miezi kadhaa baadaye pyproj, PROJ ya watu wa Python, ikawa inamlalamikia kuwa proj.db imetoka kwenye usakinishaji mwingine wa PROJ, naye akawa anafuta na kusakinisha upya Python bila mafanikio. Kama unasumbuliwa na ujumbe huo, angalia kwanza PROJ_LIB, au PROJ_DATA kama PROJ yako ni 9.1 na kuendelea.

Kazi hii imenifanya niwaheshimu sana watu wa Debian na Ubuntu. Namba ya soname inapobadilika, wao wanaiingiza hadi kwenye jina la kifurushi, libproj22, libproj25, na kila kifurushi kinachoitegemea kinakompailiwa upya kabla ya kutufikia. Mwaka 2024 walipopanua hesabu ya saa kwenye mifumo ya biti 32 ili ivuke mwaka 2038, namba za soname zilibaki vilevile ingawa mpangilio wa ndani ulibadilika, basi wakavibadilisha vifurushi vyenyewe majina: ukiona libssl3t64 kwenye Ubuntu 24.04, ile t64 ndiyo hiyo. Kazi hiyo haina sifa wala picha, na kila anayewasha kompyuta asubuhi ikakubali anakula matunda yake.

Vijana tuliwaendea na kuwaeleza. Hatukuwaambia habari za maktaba; tuliwaambia ramani ilikosea, kosa ni letu, na ripoti yao ya mtaro uliojengewa juu tumeiondoa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nao.

Mzee naye alitoa daftari lake la kazi, kurasa zimegeuka njano, lenye koodineti za bikoni za eneo letu kwa mwandiko safi wa wino wa bluu. Nilimwomba anitembeze. Tulizipata bikoni tatu kati ya tano tulizozitafuta. Kila moja niliisimamia nikiwa na simu, nikaandika ilichosoma kando ya alichoandika yeye. Simu inakosea mita chache. Kwa kosa la mita 250 hiyo inatosha kabisa. Sasa pointi hizo tatu ni majaribio kwenye msimbo wetu, na zinaendeshwa kila tunapokompaili, iwe kwenye Ubuntu 22.04 au kwenye Debian 12. Bikoni ya tatu iko ndani ya ua wa mtu, chini ya mwembe. Mama mwenye nyumba alitufungulia geti, akatuletea maji ya kunywa, akataka kujua kile kijiwe alichokuwa akianikia madira ni cha nini. Mzee akakaa naye kwenye mkeka akamweleza.